Mama Niliyemzika Akiwa Hai

Bwana Yesu asifiwe sana, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, asifiwe na ninyi mliosimama kule mlangoni kwa sababu viti vimekwisha! Mchungaji, shikamoo. Akina mama wa Nzuguni, mama zangu, shikamooni. Mchungaji amenipa dakika kumi. Najua nitazidisha, naomba anivumilie.

Wengi mnanijua kwa jina la Miriamu, au Mama Hana, yule Mkorea anayeshona sare za shule. Jina nililopewa na mama yangu ni Mi-ran. Watoto mtaani wananiita Mchina, nimechoka kuwasahihisha. Leo nimesimama kusema mambo niliyoyaficha kwa miaka tisa. Nitayasema yote, hata yanayoniaibisha, kwa sababu aibu ndiyo iliyonifunga na sitaki kuendelea kuitunza.

Mimi ni mtoto pekee. Baba yangu alifariki nikiwa na miaka minne. Mama alikuwa fundi cherehani katika mji mdogo wa Korea Kusini, mji wa milima na mashamba ya mpunga. Tuliishi chumba kimoja. Upande huu cherehani, upande ule jiko, katikati godoro letu. Nilisoma huku mguu wa mama ukikanyaga cherehani, na mpaka leo nikisikia sauti ile ikitoka kwangu mwenyewe, nageuka kumtafuta.

Nilipofika miaka ishirini na saba, kwenye harusi ya binamu yangu, nilikutana na mwanamume Mkorea aliyekuwa likizo kutoka Tanzania. Sitamtaja jina. Nitamwita Baba Hana. Alivaa vizuri, aliongea vizuri. Alisema ana kampuni ya madirisha ya alumini, na kwamba serikali ya Tanzania inahamia mji unaoitwa Dodoma, na wizara zote zinazojengwa kule Mtumba zitawekwa vioo na mikono yake. Baada ya wiki tatu akaniambia likizo inakwisha, tuoane tuondoke.

Nikampeleka kwa mama. Alikaa mezani kwetu tangu mchana mpaka jua likaanza kushuka. Alieleza habari za kampuni, habari za Afrika, habari zake. Alipoondoka, mama alikusanya vikombe, akaniambia taratibu:

"Mi-ran, huyu mtu amekaa hapa nusu siku. Hajakuuliza swali hata moja."

"Ni mtu wa kazi nyingi, mama."

"Mtu anayekupenda anauliza. Huyu hakutaki wewe. Anataka mke wa kumpeleka huko."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofungua kinywa changu. Nilimwambia mama yangu hivi: "Wewe mume alikufa mikononi mwako, sasa unataka na mimi nizeeke peke yangu kwenye chumba hiki ili nikuuguze!" Ndivyo nilivyosema, kwa mwanamke aliyeniletea sahani yangu kabla ya yake kila siku ya maisha yangu.

Mama alikaa kwenye cherehani, akachukua kitambaa, lakini hakushona. Alikishika tu. Mimi nikafunga sanduku. Tulifanya sherehe ndogo ukumbini, yeye hakuwepo kwa sababu sikumwambia siku. Baba Hana akasema karatasi za ndoa atazipeleka mwenyewe ofisi inayohusika, nisihangaike. Nikaamini. Nikapanda ndege bila kumuaga mama.

Nilifika Dodoma mwezi wa nane. Mnaujua upepo wa mwezi wa nane. Vumbi liliingia mpaka kwenye meno. Kampuni ya madirisha ilikuwa karakana moja kule Kizota, nyuma ya mashine ya kusaga, ina mafundi watatu. Kuwa na karakana ndogo si dhambi, ndugu zangu. Kama angeniambia ukweli ningemfuata hata kwenye karakana. Lakini siku ile niliielewa sentensi ya mama, na nilikuwa nimeshafika mbali mno.

Alinipangishia nyumba hapa Nzuguni, wakati ule majirani walikuwa wachache na nyasi nyingi. Ukuta mrefu, geti la chuma. Masharti yakaanza. Nisitoke bila yeye. Nisisalimiane na watu. Pasipoti akaichukua, akasema isije ikapotea. Simu yangu ilipoharibika hakuniletea nyingine. Nasema ukweli mbele za Mungu, hakunipiga kila siku. Alinipiga mara mbili. Lakini kuninyamazia! Alikuwa anaweza kumaliza mwezi bila kunisemesha, isipokuwa kuamuru. Na alipoamuru hakutaja jina langu. Aliniita "wewe". Nchi nzima hii hapakuwa na mtu mwingine ninayemjua anayeongea lugha yangu, na yeye alipoiongea ilikuwa kunigombeza. Kikorea kikaanza kuniuma masikioni. Nikaacha kuongea hata peke yangu.

Nilipopata mimba nilimuuliza kuhusu zile karatasi za ndoa, kwa sababu ya mtoto. Alikuwa anakula. Akasema, "Haiwezi kuandikishwa. Kule nina mke." Halafu akanisogezea bakuli nimwongezee supu.

Na mimi nikamwongezea. Sikulia, sikupiga kelele. Nilichota supu, nikampa.

Ndugu zangu, kipindi kile ndipo nilipojua kutamani ni nini. Asubuhi nilikuwa napanda juu ya tenki la maji pale uani, mahali pekee nilipoweza kuona nje ya ukuta. Niliona magari ya watumishi yakielekea Mtumba, upande jua linakotokea. Nilikuwa nimehesabu kichwani kwamba kwetu ni upande ule ule, mbali, mbali sana, ng'ambo ya bahari. Nikawaonea wivu watu wale waliokuwa wanakwenda kazini tu, na mafaili yao na chupa zao za chai, kwa sababu walikuwa wanasogea kidogo kuelekea kwa mama yangu na mimi siwezi kusogea. Nilitamani theluji. Nilitamani supu ya soya ikichemka. Zaidi ya vyote nilitamani mtu aniite Mi-ran kama mama alivyoniita, anavuta ile sauti ya mwisho kidogo, kama ana swali.

Hana alizaliwa. Alipofikisha miezi mitano, Baba Hana aliondoka asubuhi na begi kama siku zote, hakurudi. Siku ya nne nilimfunga mtoto mgongoni, nikatembea kwa miguu kutoka Nzuguni mpaka Kizota, nikiuliza njia kwa vidole. Karakana ilikuwa imefungwa. Nje alikuwa amekaa fundi mmoja, jina lake Rajabu, Mrangi wa Kondoa, anakusanya vipande vya alumini. Aliponiona alisimama.

"Mama! Bado uko hapa?"

Kiswahili changu kilikuwa maneno kama ishirini. Nikasema, "Bosi wapi?"

"Bosi ameondoka tangu Jumanne. Mashine zote ameuza. Sisi ametuambia wewe na mtoto mmetangulia, yeye anawafuata."

Sikuelewa. Akarudia polepole. Sikuelewa. Mwisho akanyoosha mkono juu, akaupitisha angani kama ndege, akaushusha mbali. Hapo nikaelewa. Nikakaa chini kwenye vumbi la Kizota.

Rajabu alinipeleka kwake. Mkewe alimbeba Hana, akaninywesha uji, akanifuta uso kwa kanga yake mwenyewe. Kisha Rajabu akanirudisha nyumbani kwa pikipiki. Rajabu ni Mwislamu, leo hayupo hapa, lakini Mungu anamjua, na mimi sitakaa nimsahau!

Kodi ya nyumba ile sikuwa na uwezo wa kuilipa. Nilijifungia tu nikingojea sijui nini. Ndipo siku moja nikasikia, "Hodi! Hodi humu ndani!" Nikanyamaza. "Hodi, nasema! Mtoto namsikia analia, na wewe nakusikia unapumua!" Alikuwa Mama Ndahani, huyu hapa aliyevaa kilemba cha kijani. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwangu na kwa miaka miwili sikuwahi kumpa hata salamu. Alileta ugali na mlenda. Mimi mlenda sikuujua, nilifikiri umeharibika. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kiswahili na yeye hakikuwa chake. Alikulia kijijini kwa Chigogo, Kiswahili alikipata ukubwani. Kwa hiyo tulikuwa watu wawili wenye lugha ya kuazima, kila mmoja anamsubiri mwenzake atafute neno. Labda ndiyo maana tulisikilizana. Alinihamishia kwenye chumba cha uani kwake. Alinitafutia cherehani kwa jamaa yake. Nikaanza kushona. Hana akakua anaongea Kiswahili na Chigogo, na mtu akimwita Mchina anajibu, "Mimi Mgogo." Kikorea sikumfundisha hata neno moja. Kwangu kilikuwa kimekufa.

Mama Ndahani aliniuliza mara nyingi, "Na kwenu je? Wazazi?" Nikawa nasema, "Hakuna." Akaacha kuuliza.

Lakini namba ya simu ya nyumbani kwetu nilikuwa naijua. Ile ya mezani, iliyokuwa kando ya cherehani. Vidole vyangu vilikuwa vinaijua! Simu nilishapata, na njia ya kupiga ningeipata. Ila ningesema nini? Ningesema, mama, ulisema kweli, mume hakuwa mume, ndoa haikuandikwa popote, mtoto hana karatasi ya nchi yoyote, pasipoti yangu ameondoka nayo, kibali cha kukaa kimekwisha, nikimwona mtu mwenye sare njiani napita upande wa pili? Nikasema nitapiga nikishakuwa sawa. Mwaka ule sikuwa sawa. Mwaka uliofuata sikuwa sawa. Miaka ikafika tisa.

Sasa sikilizeni dhambi yangu.

Mwaka jana, shule zilipokaribia kufungwa, Hana alirudi na daftari. Mwalimu amewaambia waandike majina ya bibi na babu. Akakaa karibu na cherehani yangu, akauliza, "Mama, bibi yangu mzaa mama anaitwa nani?"

Nikasema, "Amekufa."

Akasema, "Lini?"

Nikasema, "Zamani. Andika amekufa."

Mtoto akaandika. Nikamwona akiandika kwa mwandiko wake mzuri, na sikumzuia.

Wakati ule mimi nilikuwa siji hapa. Hana ndiye aliyekuwa anakuja shule ya Jumapili pamoja na Mama Ndahani, mimi nabaki na cherehani. Jumapili iliyofuata mwalimu wao akauliza nani ana jambo la kuombewa. Mwanangu akasimama akasema, "Mimi naomba tumwombee mama yangu, kwa sababu mama yake amekufa na hajalia."

Mwalimu akasikia "amekufa". Akawaambia akina mama.

Jumatatu, saa nne asubuhi, niko chumbani nakata kitambaa, nasikia watu uani. Natoka, naona wanawake kumi na zaidi! Wamejifunga kanga kiunoni, wengine wana kuni kichwani, mmoja ana ndoo ya unga, wawili wamebeba sufuria kubwa la kanisa. Wameshatandika mikeka. Na wanalia, ndugu zangu! Wanamlilia mama yangu! Mama Ndahani alikuja moja kwa moja, akanikumbatia, machozi yanamtiririka, lakini na hasira anayo.

"Mwanangu, unalala uani kwangu, unafiwa na mama, unaninyamazia? Mimi si mtu?"

Walianza kuimba. Mmoja akaanza kuomba, akasema, "Bwana, mpokee mama huyu ambaye hatukumwona, aliyetuletea binti huyu." Wanawake ambao hawajui hata jina lake! Wamemchukulia kama wao! Na mimi niliyetoka tumboni mwake nilimuua kwa neno moja ili mtoto amalize kazi ya shule.

Nikaanguka pale mkekani. Nikapiga kelele: "Hajafa! Mama yangu hajafa! Nimedanganya!"

Mama mmoja, yuko hapa na ananisamehe nikisema, aliinuka akasema, "Yaani tumetoka Ihumwa na kuni kichwani kumlilia mtu mzima wa afya?" Na alikuwa na haki. Nikawaeleza yote, pale pale, kwa kwikwi, mengine Kiswahili, mengine yalitoka kwa Kikorea bila mimi kujua. Maneno niliyomwambia mama. Ndoa. Supu. Miaka tisa.

Hana alikuwa amesimama mlangoni, anasikia. Akauliza, "Kwa hiyo bibi amefufuka?"

"Hapana, mwanangu. Mama alikudanganya. Nisamehe."

Akasema, "Basi nataka kumsalimia."

Mama Ndahani akajifuta uso kwa pembe ya kanga. Akaniambia maneno ambayo nayabeba mpaka leo: "Mimi mama yangu yuko udongoni. Kama huko kungekuwa na namba, ningekuwa nimepiga kila siku. Wewe yako unayo, unaikalia. Piga."

"Nitasema nini?"

"Hata mimi sijui. Piga."

Kulikuwa na binti mmoja anayefanya kazi ofisi za Mtumba, siku hiyo alikuwa likizo. Akanipa simu yake, akanionyesha namna ya kuanza namba za nje. Vidole vyangu vikamalizia vyenyewe. Wanawake wote wakasogea. Ikaita. Ikaita. Nikasema moyoni, Mungu, kama upo, na kama unasikia watu kama mimi, fanya apokee.

Aliyepokea hakuwa mama. Alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama.

"Nani?"

"Ni mimi. Mi-ran."

"Mi-ran yupi?"

"Mi-ran wa dada yako."

Nikasikia kitu kimeanguka kule. Alilia muda mrefu. Alisema walinitafuta, walipiga namba aliyoacha yule mwanamume mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Kabla sijampa simu, ujue jambo moja. Dada anasahau. Mwaka wa tatu sasa. Kuna siku hanijui hata mimi. Usishtuke."

Ndugu zangu, kwa miaka tisa nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya mama yangu. Nilikuwa nimejiandaa anitukane, nimejiandaa akate simu. Sikuwa nimejiandaa kwa kilichofuata. Nilisikia anapumua. Halafu akasema, akivuta ile sauti ya mwisho kama ana swali:

"Mi-ran? Mbona umechelewa hivi? Umekula?"

Alifikiri natoka shule! Nikasema, "Mama, nisamehe."

"Kwa nini?"

"Kwa yale maneno niliyokuambia."

"Maneno gani?"

"Siku ile naondoka. Nilisema maneno mabaya sana, mama."

Nikamsikia anatafuta kumbukumbu kweli kweli, ili anifurahishe. Akasema, "Sikumbuki. Acha kulia, njoo ule. Chakula kinapoa."

Nilitaka anisamehe, na kwake kosa lenyewe halikuwepo tena. Nililibeba mimi peke yangu, miaka yote, ng'ambo ya bahari. Nikalia kilio ambacho sijawahi kulia maishani mwangu, na wale akina mama, bila kuelewa neno moja la Kikorea, wakalia pamoja nami. Hana akaomba simu. Akasema kwa nguvu, "Shikamoo bibi!" Na mama yangu akamwuliza mdogo wake, nikasikia, "Mtoto wa nani huyu mwenye sauti nzuri?"

Siku ile nilimpokea Yesu kwenye mkeka wa msiba! Sikungoja Jumapili! Mama Ndahani aliniwekea mikono kichwani, na yule mama wa Ihumwa mwenye hasira ndiye aliyeongoza sala. Nilitubu mauaji yangu ya mdomo. Nilitubu kiburi. Na nikahisi kitu kinatoka kifuani mwangu, kama mtu anayefungua vifungo vya nguo iliyokuwa inambana tangu ujana. Haleluya! Kisha sufuria lile lile likapikiwa wali, tukala wote, kuni zisipotee bure.

Mchungaji ametufundisha hapa kwamba Mungu akisamehe hakumbuki tena. Mimi neno hilo lilikuwa linanipita. Sasa nalijua kwa masikio yangu. Lakini msinielewe vibaya. Ugonjwa wa mama yangu siusifu, naulilia kila siku. Mama anasahau kwa sababu anaugua. Mungu haugui. Yeye anaachilia akiwa na akili zake zote, anajua kila neno tulilosema, na bado anatuita tukale!

Sitaki mdhani mambo yote yalinyooka kesho yake. Ile ndoa bado inanidai maisha yangu. Nilikwenda uhamiaji, Mama Ndahani ananishika mkono huu, Rajabu yuko upande huu, amekuja kushuhudia kwamba anamjua baba wa mtoto na anamjua mtoto tangu akiwa mchanga. Nilikiri mwenyewe kwamba nimekaa bila kibali. Afisa aliyetupokea, dada mdogo tu, alinitazama akasema, "Mama, miaka yote hii? Kaa chini, tuanze mwanzo." Tukaanza mwanzo. Karatasi hii inahitaji ile, ile inahitaji nyingine kutoka Korea, na ya Korea inahitaji jina la mume ambaye kisheria hakuwa mume. Imechukua karibu mwaka mzima. Mara nyingi nilitaka kuacha.

Na kila siku, saa nne asubuhi, kwao ikiwa saa kumi jioni, nilipiga simu. Siku nyingine mama ananiuliza kama nimemaliza masomo. Siku nyingine anaimba. Mama mdogo alimfundisha Hana maneno matatu, na mimi nimeanza kumfundisha mengine. Kikorea kimeanza kurudi kinywani mwangu, kitamu, sikumbuki lini kilikuwa kitamu hivi. Lakini wiki iliyopita, siku nne mfululizo, mama hakunijua. Aliniambia kwa adabu sana, "Dada, nadhani umekosea namba."

Nikasema, "Samahani, mama. Habari za leo?" Akanisimulia habari za leo. Tuliongea nusu saa, mimi mgeni wake.

Ndugu zangu, pasipoti yangu imetoka! Karatasi za Hana zimetoka! Jumatano tunaondoka. Sijui kama nitamkuta anajua mimi ni nani. Natamani sana anijue, hata dakika moja, hata akinijua kama mtoto wa shule. Usingizi wangu wote umekuwa kutamani hilo. Asiponijua nitampikia, nitamwosha miguu, nitakaa naye kama jirani anayempenda, na Mungu atanishika. Niombeeni.

Kuhusu Baba Hana, sijui yuko wapi. Watu wananiuliza kama nimemsamehe. Sijamaliza. Nimeanza, lakini sijamaliza, na siwezi kudanganya tena mahali hapa. Nalo niombeeni.

Mabinti mlio hapa, mtu akija kuwaposa, mwombeni Mungu awape macho, na wasikilizeni mama zenu hata wakisema kwa upole. Na wewe uliyeshakosea, uliyeolewa vibaya, au uliyemtukana mzazi, au uliyesema fulani kwangu amekwisha na yeye bado anapumua, usingoje uwe sawa kwanza. Mimi nilingoja miaka tisa, na miaka mitatu kati ya hiyo mama yangu alikuwa ananisahau kidogo kidogo. Mwamini Yesu leo, ukiwa hivyo hivyo ulivyo. Namshukuru yeye. Nawashukuru ninyi mlionililia mtu msiyemjua.

Na kama simu unayo mfukoni, inuka sasa hivi, toka nje umpigie. Mchungaji ataniwia radhi. Sisi tutaimba mpaka urudi.